Demo, Early Access au itch.io kwanza? Njia tatu za kuuza roglaiki kupitia ukurasa wa duka

Kama unatengeneza roglaiki (gemu ambalo ukifa unaanza upya, na kila raundi inakuja tofauti) na umefika ile hatua ya kusema sasa nifungue ukurasa kwenye duka la magemu mtandaoni kama Steam, swali la "ukurasa uweje" halijibiki mpaka uamue kwanza mtu akifika pale atakuta nini cha kubonyeza. Kuna atakayekuta demo na kitufe cha wishilisti tu (orodha ya magemu anayoyahifadhi ayanunue baadaye), kuna atakayekuta gemu ambalo halijaisha lakini linauzwa tayari, ndo Early Access, na kuna atakayelikuta itch.io, tovuti ambayo watengenezaji wanaweka magemu yao wenyewe, akalicheza humo humo kwenye brauza bila hata kuwa na akaunti. Kila njia inabadilisha trela, inabadilisha maelezo, inabadilisha mpaka skrinishoti ya kwanza unayoweka.

Afu roglaiki ina shida yake ambayo gemu la hadithi halina. Gemu la hadithi unaonyesha mwanzo mtamu, mtu anataka kujua kilichofuata, ananunua. Sasa roglaiki utamu wake uko raundi ya thelathini huko, pale mchezaji anapookota vitu viwili ambavyo hajawahi kuvipata pamoja na ghafla skrini nzima inalipuka na ye mwenyewe haelewi kafanyaje. Picha moja haibebi hilo. Anayepita dukani anaona shimo lenye giza, kajitu kadogo katikati, namba zinaruka, na ya aina hiyo ameshaona nyingi wiki hii hii. Kwa hiyo njia yoyote utakayochagua, kazi ya ukurasa ni kumfanya mgeni aamini kwamba raundi ya mia haitafanana na ya kwanza. Tofauti kubwa ya hizi njia tatu iko hapo: nani anatoa huo ushahidi, na anautoa lini.

Tutapimia nini

Vigezo vyangu ni vitano na ntavitumia kwa kila njia. Cha kwanza ni huo ushahidi wa kina cha gemu. Cha pili, ukurasa wenyewe unatakiwa uonyeshe nini. Cha tatu ni pesa na kalenda. Cha nne ni rivyuu na refandi (mnunuzi kurudishiwa hela), manake hizi ndo zinaamua duka litakusukuma au litakuacha. Cha tano ni kazi inayokusubiri ukishabonyeza kitufe, hii watu wengi wanaisahau kabisa wakiwa bado na hamu.

Kuna mambo hayabadiliki popote uendapo, tuyamalize haraka. Kapsuli, ile picha ndogo yenye jina la gemu, isomeke ikiwa imepunguzwa hadi ukubwa wa kidole gumba, na Steam tangu Septemba 2022 hawaruhusu kuiandika tuzo, maksi za rivyuu wala tangazo la punguzo, ni mchoro na jina basi. Tagi, yaani maneno ya kulipanga gemu kwenye aina yake, Steam wanakupa nafasi ya mpaka 20 na zile unazoziweka juu zina uzito zaidi, sasa usiridhike na "Roguelike" peke yake, hiyo ni bahari. Zipo "Action Roguelike", "Roguelike Deckbuilder", "Traditional Roguelike", na hizi zinakuweka karibu na magemu ambayo mashabiki wake ndo watu wako. Ukijiwekea ile ya Traditional wakati gemu lako ni la kukimbia na kufyatua, wapenzi wa mtindo wa Rogue, lile gemu la 1980 lililoipa aina hii jina, wale wa hatua kwa hatua na ukifa umekufa, watakuja kukuambia ukweli kwenye rivyuu na hawatakuwa wapole.

Njia ya kwanza: wishilisti, demo, halafu unatoa gemu likiwa kamili

Ushahidi hapa anautoa mchezaji mwenyewe, kwa mikono yake, kabla hajalipa chochote. Kwa roglaiki hii ni silaha kali sana kwa sababu demo ya gemu la hadithi ikichezwa mara moja imeisha, lakini ya roglaiki mtu anaweza akairudia jioni nzima na kila akirudia anajithibitishia kile kile ulichotaka kumwambia. Balatro ilikuwa na demo Steam kabla haijatoka Februari 2024, na ilipotoka ilipita nakala milioni moja ndani ya kama mwezi tu. Sisemi demo ndo ilifanya yote, gemu lenyewe ni moto, ila angalia ugumu uliokuwepo: "poka yenye vikaragosi" ni maelezo ambayo hayamshtui mtu yeyote mpaka aishike mwenyewe.

Swali gumu ni ukate demo wapi. Wapo wanaokata kwa muda, wapo wanaokata kwa idadi ya raundi, na binafsi naona zote mbili ni vibaya, manake unamnyang'anya mtu kile kitu cha "ngoja nijaribu tena" ambacho ndo unachouza. Kata kwa vitu vilivyomo: mhusika mmoja, ghorofa mbili tatu za mwanzo, robo ya silaha, halafu mwache afe na kurudia anavyotaka. Akimshinda bosi wa mwisho wa demo mwonyeshe vivuli vya wahusika ambao bado wamefungwa pamoja na kitufe cha wishilisti. Kuna hofu kwamba demo nzuri sana itamshibisha mtu asinunue. Ipo hiyo, hasa kama gemu lako lote lina vitu vichache, lakini hapo tatizo siyo demo.

Kwenye ukurasa, trela ianze na mchezo wenyewe ndani ya sekunde za mwanzo, hakuna nembo ya studio, hakuna maandishi yanayofifia kuhusu ufalme ulioanguka. Kitu kinachosaidia sana ni kuonyesha raundi tatu tofauti za mhusika yule yule zikipokezana haraka haraka, moja anatupa moto, moja ana jeshi la mifupa, moja hana silaha kabisa ila kila anayemgusa anaganda. Hapo mtu ameshaelewa bila kuambiwa neno. Na skrinishoti za mwanzo zichague kwa akili hiyo hiyo, ziwe za hali ambazo hazifanani hata rangi, usiweke picha tano za chumba kimoja.

Pesa: Steam wanachukua dola 100 kwa kila gemu, wanakurudishia mauzo yakifika dola 1,000, na makato yao ni asilimia 30 (yanashuka ukivuka dola milioni 10, hilo tutalijadili siku ukifika huko). Kuna siku 30 za kusubiri tangu ulipe ada ndo uruhusiwe kutoa gemu, na ukurasa wa "linakuja" lazima ukae hewani angalau wiki mbili. Hizo ni kima cha chini, kiuhalisia wishilisti inahitaji miezi, manake faida yake ni kwamba siku gemu linatoka kila aliyelihifadhi anapata barua pepe, na baadaye tena ukiweka punguzo la asilimia 20 au zaidi. Na wengi wanaupangia ukurasa uivane na Next Fest, ile tamasha la demo la Steam linalofanyika mara tatu kwa mwaka, ambalo gemu moja linaingia mara moja tu.

Kwenye rivyuu uko salama kidogo. Tangu 2024 demo inaweza kuwa na ukurasa wake na rivyuu zake zenyewe, kwa hiyo watu wakiiponda hawachafui gemu kubwa. Na refandi, ambayo Steam wanatoa ndani ya siku 14 kama mtu hajafikisha masaa mawili ya kucheza, inapungua kwa sababu anayenunua ameshajua anaingia wapi. Ila gemu linapotoka, limetoka. Balansi ikiwa mbovu, silaha moja ikiwa inashinda kila kitu, utaijua siku ile ile ambayo watu wengi zaidi wanakuangalia.

Kazi inayofuata ni nzito kabla na nyepesi baada. Inamfaa mwenye gemu linalonasa ndani ya dakika ishirini na mwenye uwezo wa kukaa bila kipato mpaka liishe.

Njia ya pili: Early Access

Hapa ushahidi hautoki kwako wala kwenye demo, unatoka kwa watu waliolipa tayari. Mgeni anafika, anaona mtu ameandika rivyuu akiwa na masaa 180 kwenye gemu ambalo halijaisha, na hiyo sentensi moja inafanya kazi kuliko trela yako yote. Roglaiki na Early Access zimeendana tangu zamani. Slay the Spire iliingia Novemba 2017 ikatoka rasmi Januari 2019, Dead Cells Mei 2017 hadi Agosti 2018, Hades ilianzia duka la Epic Desemba 2018, Steam ikaja mwaka mmoja baadaye, na toleo kamili Septemba 2020. Caves of Qud ndo mfalme wa subira, 2015 hadi Desemba 2024.

Sababu ya kuendana siyo siri. Gemu la hadithi likiuzwa nusu, umemharibia mtu hadithi. Roglaiki ikiuzwa nusu, kila apdeti inampa mtu sababu ya kurudi mwanzo, na kurudi mwanzo ndo mchezo wenyewe. Halafu kuna balansi: huwezi kujua karata gani imezidi nguvu ukiwa na wapimaji kumi. Watengenezaji wa Slay the Spire walikuwa wanakusanya data za raundi za wachezaji, karata ipi inachaguliwa sana, ipi inawaua watu, na kurekebisha kwa kufuata hizo namba.

Ukurasa wa Early Access una sehemu ambayo hizo njia nyingine hazina, yale maswali ambayo Steam wanakulazimisha ujibu hadharani: kwanini Early Access, itachukua muda gani, toleo kamili litatofautiana vipi, hali ikoje sasa hivi, bei itabadilika au vipi, wachezaji watahusika vipi. Watu wengi wanayajibu kama fomu ya serikali. Kosa kubwa, manake mnunuzi wa roglaiki aliyewahi kuchomwa na gemu lililotelekezwa anaenda moja kwa moja hapo. Andika kilichopo leo kwa namba (wahusika wangapi, ghorofa ngapi, vitu vingapi), andika unachokusudia bila kuahidi tarehe wala kitu maalum ambacho unaweza ukashindwa, na Steam wenyewe wanakukataza kuuza ahadi. Trela nayo ionyeshe kilichomo kwenye bildi ya leo, yaani toleo lile lile mtu analoweza kulicheza sasa. Ukiweka bosi ambaye bado yuko kwenye daftari, atakayenunua atamtafuta.

Kuhusu pesa, ada na makato ni yale yale, ila kipato kinaanza mapema na bei unaweza kuanza chini ukapandisha mwishoni: Vampire Survivors ilikuwa dola 2.99 ikiwa Early Access na dola 4.99 ilipotoka rasmi. Kwa kalenda unapata milango miwili, siku ya kuingia na siku ya kutoka, na walioko kwenye wishilisti wanaarifiwa zote mbili. Lakini usijidanganye kwamba ule wa kwanza ni wa mazoezi, kwa macho ya duka na ya watu umeshatoa gemu.

Rivyuu ndo panapouma. Zinabaki. Zitawekewa alama kwamba ziliandikwa wakati wa Early Access lakini asilimia unaibeba mpaka toleo kamili, na ile lebo ya jumla inaanza kuonekana ukifikisha rivyuu 10, kwa hiyo wale kumi wa mwanzo ukiwapa bildi inayoganda, umejichora usoni. Refandi vilevile: raundi moja ikichukua dakika arobaini, mnunuzi ana vifo vitatu vya kuamua. Kama gemu lako linaanza kunoga baada ya kufungua vitu kwa masaa manne, hatafika huko, ataomba hela yake na wala hatakuwa na makosa.

Na kazi haiishi. Kila wiki kuna mtu anataka mhusika wake aongezewe nguvu, kuna bagi (hitilafu), kuna pachi (marekebisho) inayorekebisha bagi na kuleta nyingine. Ukinyamaza inaonekana, tangu 2025 Steam wanaweka notisi kwenye ukurasa wa gemu la Early Access lililokaa zaidi ya mwaka bila apdeti. Njia hii inamfaa mtu ambaye gemu lake tayari linachezeka mwanzo hadi mwisho fulani, lina mfumo wa vitu vingi vinavyochanganyika, na ye mwenyewe anapenda (au anavumilia) kuongea na watu.

Njia ya tatu: itch.io kwanza

Ushahidi hapa ni wa aina nyingine, ni watu wachache wenye kelele. Unaweka bildi inayochezeka kwenye brauza, mtu anabonyeza, baada ya sekunde kadhaa anacheza. Hakuna kizuizi kati ya udadisi na kifo cha kwanza. Vampire Survivors ilianza hivyo mwaka 2021, ikaingia Steam Desemba mwaka huo huo. Cogmind inayotumia herufi na alama badala ya picha ilipita njia inayofanana kwa roho ingawa siyo kwa duka: ilizaliwa kwenye shindano la kutengeneza roglaiki ndani ya siku saba, 7DRL, mwaka 2012, ikauzwa kwenye tovuti yake yenyewe tangu 2015, Steam ikaja Oktoba 2017 wakati tayari ina watu wake.

Ukurasa wa itch.io unaupamba unavyotaka, rangi, usuli, GIF katikati ya maandishi, na kwa roglaiki GIF fupi ya kitu cha ajabu kikitokea ni bora kuliko aya tatu. Maelezo yanaweza kuwa ya kirafiki zaidi, hata ya kimzaha, wasomaji wa pale wanajua wanaangalia kitu kibichi. Weka hapo juu kabisa linki ya ukurasa wa Steam kama umeshaufungua, kwa sababu wafuasi wa itch.io hawahamii Steam wenyewe, kila mmoja lazima akabonyeze wishilisti kwa mkono wake.

Pesa ni rahisi: hakuna ada ya kuingia, makato unayachagua mwenyewe (kawaida yamewekwa asilimia 10, unaweza kushusha hadi sifuri), unaweza kuuza kwa "lipa unachotaka". Hakuna kusubiri siku 30. Upande wa pili, usitegemee duka likusukume kama Steam wanavyoweza kukusukuma, na mauzo yenyewe kwa wengi ni ya kununulia chai. Rivyuu mbaya hapa hazikufuati popote, na hilo ndo thamani yake hasa, unaweza kufa mara nyingi tu bila mtu kuandika kumbukumbu. Kazi inayofuata ni ndogo kadiri unavyotaka iwe. Inamfaa mwenye wazo ambalo hajui kama linafurahisha, na anayependa mashindano ya jemu, yale ya kutengeneza gemu ndani ya siku chache.

Kuzichanganya, na mpangilio usiorudi nyuma

Hizi njia hazifukuzani, ila zina upande mmoja wa kwenda. Kutoka itch.io unaweza kwenda kwenye demo, kutoka demo ukaenda Early Access. Kurudi haiwezekani: ukishaingia Early Access, Next Fest imekupita, kwa sababu tamasha lile ni la magemu ambayo hayajatoka. Na kwa kuwa unaingia mara moja tu, demo iliyopikwa nusu ikiingia Februari kwa haraka zako, ile iliyoiva ya Oktoba haina pa kwenda. Kama hujui uko tayari au la, hujawa tayari, subiri zamu ijayo.

Kuna pia Steam Playtest, ambayo watu wanajiandikisha kwenye ukurasa wako kujaribu bildi bure na hawawezi kuiandikia rivyuu. Ni nzuri kwa anayetaka data za balansi kama za Early Access bila kubeba alama zake.

Kwa hali yako

Gemu linanasa mapema, mtu akicheza raundi mbili anaomba ya tatu, na una akiba ya kukufikisha mwisho: demo na wishilisti, fungua ukurasa mapema na uipangie Next Fest.

Lina mamia ya vitu vinavyochanganyika na unajua kabisa peke yako huwezi kubalansi, raundi inamalizika hata kama mwisho wake ni wa muda: Early Access, lakini pitia demo kwanza.

Huna hela na umebanwa? Early Access inavutia hapa kuliko popote, na hapa ndo ningekuwa mwangalifu zaidi, manake mauzo ya wiki ya kwanza yakiwa madogo bado utadaiwa apdeti za mwaka mzima. Bora upunguze gemu, ukate ghorofa, utoe dogo lililokamilika.

Gemu lako ni la herufi na alama, au lina sura ambayo haiuziki kwa picha: anza kwa wapenzi wa aina hiyo, itch.io au tovuti yako, wape kitu cha kusimulia, halafu ukurasa wa Steam uujenge juu ya wanachosimulia, kwa sababu yale matukio yao ya ajabu ndo yatakuwa trela.

Kina chake kinachelewa, masaa matatu manne ndo mtu anaelewa: kabla ya kuchagua njia yoyote rudi kwenye gemu, hamisha kitu kimoja kizuri kije raundi ya kwanza.

Na kama una wiki mbili tu za kazi ndani yake na unabishana na nafsi yako kuhusu kapsuli, weka itch.io leo usiku.